Mchambuzi Aliyejifuta Machozi

Ndugu zangu, palikuwa na mchambuzi wa muziki redioni, mtu wa kuogopewa mji mzima. Akiiponda albamu, hakuna anayeipiga tena. Wasichojua watu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mwoga kupindukia.

Siku moja binti mmoja alileta albamu aliyoitengeneza mwenyewe, bila kampuni wala mdhamini. Ilikuwa na violini, zumari, na sauti zilizopandana tabaka kwa tabaka. Mchambuzi aliisikiliza nyumbani peke yake, na wimbo wa tatu ukamliza. Alijifuta machozi kwa pindo la shati, akaurudia.

Ikafika siku ya kuijadili hewani. Wachambuzi walikuwa watatu, na binti aliketi nje ya kioo, visikilizio masikioni. Taa nyekundu ikawaka, mchambuzi wetu akaulizwa wa kwanza. Jamani, aliogopa! Akawatazama wenzake, akawaona wamekunja nyuso. Akisifu halafu wakamcheka? Wakisema siku hizi amelegea, au binti amemhonga, uso wake atauweka wapi?

"Vyombo vimezidi," akasema. "Binti anajionyesha tu."

Wenzake wakaitikia hivyo hivyo. Taa ikazimwa.

Kwenye korido, aliyekuwa mkongwe kati yao akamshika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mwenzangu una moyo mgumu. Mimi ule wimbo wa tatu ulinitoa machozi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, na wewe umeshaukataa? Nilikuogopa."

Mchambuzi wetu akarudi mbio studio. Visikilizio vilikuwa juu ya kiti. Binti alishaondoka, na tangu siku hiyo hakuimba tena.

Sasa sisi tunamwogopa nani? Na huyo tunayemwogopa, nani ametuambia kwamba yeye hatuogopi sisi? Mkeo kapika vizuri, unaona haya kumsifu mbele ya rafiki zako. Kijana wa jirani ameacha pombe, sote tumeona, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze kumpongeza. Kijana huyo atangoja mpaka lini, kabla hajairudia chupa?

Mimi naogopa, nawaambieni kweli. Naogopa siku Mungu atakapotuuliza: ulisikia nini moyoni, na mdomo wako ulisema nini? Siku hiyo hatutakuwa na mwenzetu wa kumtazama usoni kwanza.