Jino Kutoka Kisimani

Kaeni chini, kisa nacho kikae. Hapo kale, kale ya kale, mimi sijazaliwa na nyinyi hamjafikiriwa, ukame ulishika nchi ya wafugaji.

Mjane mmoja, Udagwenga, alibaki na ng'ombe saba, na mto umekauka. Watu wakachimba kisima mle mle mtoni. Wakachimba, wakachimba, jembe likagonga mfupa. Mfupa wa paja, wajukuu zangu, kama wa mtu, ila mrefu kunizidi mimi. Na ujanani nilikuwa mrefu, msicheke.

Mzee Gidamuyda, mkubwa wa ukoo, akaushika akalia.

"Huyu ni babu yetu wa kwanza. Watu wa zamani walikuwa wakubwa. Hapa ni kaburi, hakuna kuchimba mpaka matanga yaishe."

"Matanga ya siku ngapi, baba?" akauliza Udagwenga.

"Mtu mkubwa hivi? Mwezi mzima."

Wakalia siku ya kwanza, ng'ombe wa Udagwenga akafa mmoja. Wakalia ya pili, wakafa wawili. Siku ya tatu mama wa watu akachoka. Akashuka shimoni peke yake, akachimba, akachimba, akapanda na jino. Zito kama jiwe la kusagia, na juu lina matuta kama gego la ng'ombe.

"Baba, huyu babu yetu alikula nini?"

"Nyama na maziwa, kama sisi."

"Kwa jino hili? Hebu tuoneshe meno yako."

Mzee akafumba kinywa. Alikuwa nayo manne, na hakuna lenye matuta. Wakachimba tena, ukatoka utaya, pembe mbili zimeota kidevuni zikainama chini. Jamaa ya tembo huyo, lakini si tembo mnayemjua. Kizazi chake kilikwisha kabla hajatokea mtu wa kukipa jina.

"Kumbe nimemlilia mla majani," akasema mzee.

Walipochimba mikono miwili zaidi chini yake, maji yakatoka. Ng'ombe wanne waliobaki wakanywa. Watu wakaimba, Udagwenga hakuimba. Wakamuuliza kulikoni.

"Siku tatu tumemlilia mnyama asiyetujua," akasema. "Wangu watatu walioijua sauti yangu wamekufa wakiniangalia."

Basi nanyi mkikuta mfupa, tafuteni jino kabla ya kulia, na walio hai wapeni maji kwanza.

Kisa changu nimekilaza hapa. Atakayekitaka, akakiamshe kwa wajukuu wake.