Aliyeharibu Safari ya Bi Mwanahawa

Hapo zamani, na nasema zamani kwa adabu tu, maana magari yalikuwepo na watu walishajua kudanganyana kwa simu, aliishi Mbagala mtu mmoja jina lake Mwinshehe. Sogeeni. Wewe mwenye kofia, njoo mbele nikuone mikono. Karanga zangu nazijua zilivyokuwa.

Mwinshehe huyu alikuwa Mzaramo wa kuzaliwa na mshuku wa kusomea. Akinunua nyama, anakwenda kuipima tena kwenye mizani ya duka jingine. Ukimsalimia mara mbili kwa siku moja, anajiuliza unataka kumkopa nini. Neno lake lilikuwa moja: "Hapa kuna namna." Mvua ikiwahi kunyesha, kuna namna. Mkewe akipika pilau siku isiyo sikukuu, kuna namna. Msimcheke. Mimi namwelewa sana.

Mkewe aliitwa Tausi. Mama yake Tausi, Bi Mwanahawa, aliishi nao, na bibi huyo alikuwa amebakiwa na haja moja tu hapa duniani. Mumewe alikwenda na warina asali kwenye mapori ya Tabora, Tausi akiwa bado ananyonya, akafia huko mahali paitwapo Kalongwe, akazikwa hukohuko. Bi Mwanahawa hakuwahi kulitia machoni kaburi lile. Kila Ramadhani ikikaribia, wenzake walikwenda kufagia makaburi ya waume zao. Yeye alinunua ufagio mpya kama wao, halafu akaishia kufagia uwani.

Sasa miguu ilikuwa imevimba na macho yameanza kufifia. Akawaita mkwe na binti, akasema, "Wanangu, nifikisheni Kalongwe nikalifagie kaburi la baba yenu. Mara moja tu. Baada ya hapo sina deni na mtu."

Tausi alilia waziwazi. Mwinshehe naye alilia, lakini alikwenda kulilia chooni.

Basi Kalongwe si mahali pa kwenda na kikapu. Hakuna kijiji, kwa sababu ya mbung'o. Hakuna gesti. Njia hupitika kiangazi tu, na kiangazi mito yote ni mchanga mtupu. Mtu huenda na maji yake, jiko lake na kitanda chake. Waliowahi kufika huko wakamwambia Mwinshehe, "Nunua tela la kambi, lile linalofungwa nyuma ya gari. Ukifika porini unalifungua, linakuwa nyumba." Gari alikuwa nalo, kuukuu lakini zima. Kwa udereva akamchukua mtu aitwaye Nkwabi.

Nkwabi alikuwa Mnyamwezi, dereva wa maporini, pori la Tabora analijua kama uwanja wa nyumbani kwao. Na Mnyamwezi na Mzaramo mnajua habari zao. Ni watani tangu enzi za misafara. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako, atambeba jogoo wako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa.

Wakaenda yadi wote wanne kuchagua tela. Yalikuwepo mawili.

La kwanza lilikuwa sanduku la chuma. Baya! Halina urembo hata kidogo. Lakini tangi la maji lilikuwa ndani, limekaa juu ya sakafu, na chini hakuna kitu cha kugonga jiwe. Kitanda kilikuwa kimoja, kipana, ukuta hadi ukuta.

La pili lilikuwa na mabawa. Ukifungua, linachanua hema huku na hema kule, kitanda huku na kitanda kule, katikati pazia la zipu. Jiko linavutwa kama mtoto wa meza. Tangi la maji limening'inia chini ya sakafu.

Mwinshehe aliyakagua hayo matela kama daktari wa ng'ombe. Aligonga vyuma kwa kijiko akisikiliza. Alinusa turubai. Alimwaga maji juu ya hema, akaingia ndani kungoja livuje. Alirukaruka kitandani mpaka mwenye yadi akapiga kelele. Akatoka jasho linamtiririka, akasema, "Nachukua la chuma."

Tausi akashika kiuno. "Mume wangu, una akili wewe? Kitanda kimoja! Mama yangu akalale kitanda kimoja na mkwewe?"

"Mimi nitalala kwenye gari."

"Na asubuhi akikukuta unanyoosha viungo na msuli wako huo? Na zamu ya kuvaa? La. Nataka la mapazia."

Bi Mwanahawa akasema taratibu, "Mwanangu, mimi hata chini nalala. Chukueni lenye nguvu."

Tausi hakumwamini. Alijua mama yake husema "nimeshiba" hata akiwa na njaa. Akashikilia la mapazia, na mambo ya heshima ya mkwe, ndugu zangu, nani atayapinga mbele ya watu? Mwinshehe akasalimu amri.

Mwenye yadi akamvuta pembeni. "Kaka, hili ni zuri, lakini bomba la tangi liko wazi kule chini. Kama unakwenda porini, nikufungie bamba la chuma la kulikinga. Utaongeza kidogo tu."

"Aha!" Mwinshehe akamtolea macho. "Hapa kuna namna. Kama tela ni zima, bamba la nini? Na kama ni bovu, mbona unaniuzia?" Akakataa.

Nkwabi alikuwa amechungulia chini. Aliliona bomba. Akainuka akicheka, akasema, "Mtumwa wangu, wewe nazi hununui bila kuitikisa usikie maji. Hili nalo litikise leo, lisikilize vizuri, maana huko kwetu hutasikia kitu! Limeacha utumbo nje kama mbuzi aliyechunwa na Mzaramo!"

Watu wote yadi nzima wakaangua kicheko. Mwinshehe akajibu, "Mnyamwezi, kazi yako ni kubeba mzigo, si kuuchagua." Kicheko kikazidi, na Nkwabi akacheka kuliko wote. Wahenga wanasema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa anacheka?

Wakasafiri. Mpaka Tabora hakuna neno. Wakaingia porini. Siku ya pili asubuhi, majani marefu, Nkwabi akapita juu ya kisiki. Chini kukalia, ko!

"Nini hiyo?" akauliza Mwinshehe.

"Babu yako anabisha hodi, Mzaramo!" akasema Nkwabi. Akacheka, akakanyaga mafuta.

Adhuhuri jua likawa kali, wakasimama kwenye kivuli, wakafungua tela. Bi Mwanahawa akajinyoosha kwenye bawa lake, pazia limefungwa. Akasikia maji yanadondoka chini yake. To, to, to. Akapapasa shuka. Mnajua umri ule, mwili haumsikilizi tena mwenyewe. Akafikiri, yarabi, au ni mimi? Shuka lilikuwa kavu. Lakini mkwe yuko nje, yuko karibu, anakata kachumbari. Akiita, "Huku kuna maji yanadondoka," mkwe atawaza nini? Akaona haya. Akajifunika, akafumba macho, na maji yakaendelea kudondoka.

Alasiri Tausi akaenda bombani kutawadha. Bomba likakohoa, likatoa tone moja. Akainama chini ya tela. Mchanga umelowa, na nyuki wamejaa hapo wanakunywa kwa raha zao.

Hapo mzaha ukaisha. Nkwabi akaliangalia dumu moja la akiba lililokuwa kwenye gari. Akasema, na kwa mara ya kwanza hakucheka, "Hili linatosha kwenda, au linatosha kurudi. Kwenda na kurudi halitoshi. Kalongwe ni kesho mchana."

Bi Mwanahawa akasema, "Twendeni. Mimi mninyime, mnywe nyinyi."

Mwinshehe akakataa. "Mama, siwezi. Sitakwenda kukuzika kwa kiu."

Wakageuza gari. Bibi alikaa kiti cha nyuma ameukumbatia ufagio, uso ameuelekeza nyuma, kulekule Kalongwe. Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia.

Njia nzima ya kurudi ilikuwa lawama. Tausi alimwambia mumewe, "Ni wewe! Ulipewa kinga ukaikataa. Unamshuku mpaka anayekuokoa." Mwinshehe alimwambia mkewe, "Ni wewe! Mimi nilichukua la chuma, ukaniletea habari za mapazia." Wote wawili wakamgeukia Nkwabi: "Na wewe uliliona bomba! Ulipita juu ya kisiki!" Nkwabi akasema, "Mimi nilisema! Mbele ya watu nilisema! Kosa langu ni kwamba mlicheka?" Kila mmoja alilitoa kosa kwake kama mtu anayejikung'uta siafu, na kila mmoja akamshuku mwenzake. Mwinshehe alifika mahali pa kusema labda Mnyamwezi alikanyaga kisiki makusudi. Lo! Maneno mengine yakishatoka hayarudi.

Kabla hawajapatana kwenda tena, mvua zikaja, njia ya Kalongwe ikafungwa, na Bi Mwanahawa akalala kitandani asiinuke. Akawaita wote watatu.

"Sikilizeni," akasema. "Siku ile niliyasikia maji yakidondoka. Niliona haya, nikanyamaza. Kosa langu ninalo mwenyewe, na mume wangu nakwenda kumtaka radhi ana kwa ana. Lakini mimi nilisikia maji yaliyokwisha kuanza kumwagika. Yupo kati yenu aliyeyamwaga. Nimewatazama muda wote huu, na nawashuku nyote."

Wakainamisha vichwa.

"Huyo namsamehe," akasema bibi. "Lakini kwa sharti. Kiangazi kikirudi aende Kalongwe, peke yake, sitaki msafara tena. Akalifagie kaburi, maana maiti hafagii. Amwambie mume wangu nilikuwa njiani. Akifanya hivyo, mimi na yeye tumemalizana. Ila asiende asiye na kosa. Msamaha wangu ni mmoja, akiubeba asiye wake, mwenyewe ataukosa mpaka siku ya kiyama."

"Mama, ni nani?" akauliza Tausi.

"Mnajijua," akasema. Na kabla ya Ijumaa alikuwa amekufa.

Sasa tazameni binadamu alivyo. Arobaini ikapita, kiangazi kikarudi, vumbi likaanza kutimka. Watu walewale waliotupiana kosa, sasa wakaanza kuligombania!

Mwinshehe akasema, "Ninakwenda mimi. Aliyenunua ni mimi. Nilipewa kinga nikaiita ujanja. Mtani alisema kweli nikaiita dhihaka. Maisha yangu yote nimemshuku kila mtu, na siku moja niliyotakiwa kushuku bomba, nikamshuku aliyenionyesha. Kosa ni langu. Nipeni ufunguo wa gari."

Tausi akasema, "Thubutu! Ninakwenda mimi. Wewe ulishachagua vizuri, mimi ndiye niliyekugeuza. Mama alisema kwa mdomo wake, hata chini nalala. Nilisema namlindia heshima, kumbe nilikuwa naogopa midomo ya watu. Hata kunyamaza kwake siku ile ni kwa sababu ya pazia nililoling'ang'ania. Na ni mama yangu huyu. Mnataka mimi ndiye nibaki bila radhi ya mama yangu?"

Nkwabi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Siku ya msiba alikuja kama mtani, na watu wakamngoja awachekeshe waliofiwa kama desturi ilivyo, lakini hakutania hata neno moja. Akasema, "Nyinyi hamkujua. Mimi nilijua. Nililiona bomba kwa macho yangu, nikajua litavunjika, nikalisema kwa namna ambayo hakuna atakayelisikia. Na kisiki kilipogonga nilijua pia, nikacheka ili nisishuke kuangalia. Asiyejua ana udhuru. Mimi udhuru wangu uko wapi? Tena njia naijua mimi. Nyinyi mtapotea."

Mwinshehe akamkazia macho. "Unataka kwenda kwa kosa, au kwa sababu ni kwenu?"

"Na wewe unataka kwenda kwa kosa," akasema Nkwabi, "au kwa sababu unaona haya kwa kunisingizia kisiki?"

Tausi akalia, "Nyamazeni! Nyote mnaitaka radhi ya mama yangu kuliko mnavyomtaka mama yangu!"

Nje gari liko tayari, maji yamejazwa, na mawingu ya vuli hayako mbali. Akienda asiye mwenye kosa, kaburi litafagiwa, salamu zitafika, lakini mkosaji atabaki na kosa lake kifuani, na hakuna tena mtu duniani wa kumsamehe.

Mimi nimekaa na hadithi hii miaka. Kila ninayemsimulia humtaja mtu wake upesi sana, na upesi huo huwa naushuku. Kwa hiyo msikimbilie. Wewe mwenye kofia, anza wewe. Aliyepuuza ukweli alipoambiwa, aliyetanguliza heshima mbele ya usalama, na aliyeusema ukweli kwa kicheko: je, ni nani aliyestahili kusamehewa?