Nani Alimwanzia Nyamizi

Mwanamke mmoja, Bi Mize, alikuwa na wanafunzi wawili wa kusuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa, majani makavu ya mkoma, unaoshonwa ukawa mkeka. Kila asubuhi aliwapa miyaa saba kila mmoja. Jioni alitaka kuiona yote imo ndani ya ukili.

Raya alikuja na ukili wa nusu pima, ulioanzwa na bibi yake. Mwaa mpya aliuchomeka chini ya ile ya zamani, ukashikwa, akachukua mwingine. Nyamizi alitoka bara, na kwao hakuna asukaye. Alikuja mikono mitupu. Miyaa yake aliishika kwa vidole tu. Minne aliiweza. Akipokea wa tano, wa kwanza umeanguka. Akiinama kuuokota, inaanguka mingine. Jioni hana kitu.

Siku ya nane Bi Mize akachoka. "Mikono mizito hii, mwanangu. Kesho baba yako aje akuchukue."

Nyamizi akainamisha kichwa, akaanza kukusanya vitu vyake. Raya akaweka kazi chini.

"Bi Mize, hata mie nisingeshika mitano. Bibi kanianzia. Huyu kaanziwa na nani?"

Bi Mize akakaa chini, akabana ncha za miyaa kwa kidole gumba cha mguu, akasuka kipande cha urefu wa kiganja, akampa Nyamizi. Vidole vilikuwa vilevile. Jioni ile miyaa mitano ilikuwa ndani, miwili chini. Baba hakuitwa.

Sasa sikilizeni. Miyaa ni maneno mapya. Vidole ni kumbukumbu, na kweli hatukugawiwa sawa. Lakini niambieni, vidole vya nani vitashika mkeka mzima? Ukili ni lugha uliyokwisha kuisikia nyumbani, ukaulizwa kwayo, ukajibu, ukataniwa. Neno geni hujishikiza hapo. Nasi tunaingia madarasani, tunagawa maneno saba saba, tunawapigia makofi waliokuja na ukili wa bibi zao, halafu wenzao tunawaandikia kwenye ripoti: mzito wa kuelewa.

Mzito! Wewe uliyeandika hivyo, siku mtoto yule alipoingia kwako mikono mitupu, ulimwanzia nini?