Njia ya Kwenda kwa Tuli

Paukwa!

Pakawa!

Mnanong'ona! Hata nyie kina mama huko nyuma. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana wanyama walikwisha kuwa na simu, palikuwa na Swala katika mbuga ya nyasi ndefu. Akajifungua mtoto, akamwita Tuli. Desturi ya swala mnaijua? Mtoto mchanga haandamani na mama. Hufichwa majanini, akalala kimya. Mama hukaa mbali, asimwonyeshe adui. Humwendea asubuhi na jioni kumnyonyesha, basi.

Jirani yake alikuwa Pundamilia. Mtoto wa Pundamilia kazaliwa leo, leo hiyo hiyo anakimbia. Pundamilia akamwona Swala yuko peke yake, akatoa macho.

"Heee! Mtoto umemwacha majanini? Mama gani wewe? Mimi wangu simwachi hata kidogo!"

Maneno yakamchoma Swala. Moyo du! du! du! Majani hayapiti kooni. Usingizi hauji. Akaenda kumwangalia mwanawe. Tapu, tapu, tapu.

"Tuli, upo?"

"Nipo, mama."

Akarudi. Hajatafuna mara tatu, moyo du! du! du! Akaenda tena. Tapu, tapu, tapu.

"Tuli, upo?"

"Nipo, mama."

Siku nne hivyo hivyo. Maziwa yakaanza kukauka. Siku ya tano akampigia simu Bibi Kakakuona, mshauri wa wenye hofu. Bibi huyu aliishi msitu wa mbali, ng'ambo ya milima. Wateja wake walimwona kwenye kioo cha simu tu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nieleze."

Swala akaeleza, machozi yanamtoka.

"Leo umeenda mara ngapi?"

"Kama mara thelathini."

"Ukimwona, hofu inaondoka?"

"Inaondoka, Bibi. Halafu inarudi na ndugu zake."

"Geuza simu. Nionyeshe unapopita."

Swala akageuza simu. Uwiii! Nyasi zimelala chini! Njia pana, imenyooka, inaanzia kwatoni pake na kuishia kwa Tuli. Na katikati ya njia, juu ya nyayo zake, kuna nyayo nyingine. Za Fisi. Mbichi!

Swala akataka kukimbia. "Bibi! Nimemwelekeza mimi! Mimi, mama yake!"

"Usikimbie. Pumua nami. Vuta... shikilia... toa. Tena. Vuta... toa. Sasa zunguka kwenye mawe, nyayo hazibaki pale. Mwite taratibu, mfiche upya, uondoke."

Swala akafanya hivyo. Tuli akalala nyuma ya mawe. Swala akaenda kusimama mbali, simu sikioni.

Mara Fisi huyo! Nusa, nusa, nusa, anaifuata njia. Akafika pale pa zamani. Patupu! Akageuka, akamkodolea Swala macho, aone anatazama wapi. Tuli yuko hatua kumi tu kutoka kwa Fisi.

"Bibi, nakwenda!" Swala akanong'ona.

"Ukienda, utamwonyesha. Vuta... toa. Kula majani."

Kula majani! Mwanawe yuko puani pa Fisi, naye ale majani! Swala akainama. Akatafuna. Machozi na majani, akameza vyote. Fisi akangoja, akangoja, akachoka. Akaondoka zake akinguruma kwa hasira.

Jioni, wakati wa kunyonyesha, Swala akazunguka kwenye mawe.

"Tuli, upo?"

Kimya.

"Tuli!"

Tuli akachungulia, akamtazama vizuri, ndipo akatoka. "Nipo, mama. Nilitaka kukuona kwanza. Leo asubuhi sauti nzito, si yako, iliita kutoka njiani: 'Tuli, upo?'"

Swala akaganda. "Ukajibu?"

"Sikujibu, mama. Nilikuwa nimechoka kujibu."

Swala akakaa chini, puu! Akamwacha mwanawe anyonye.

Basi, wazazi wenzangu, hofu yenu ni mapenzi, lakini msiiache iwaendeshe miguu. Mtoto wako mlee alivyo, si alivyo wa jirani. Na moyo ukikuelemea, zungumza na anayejua, hata akiwa ng'ambo ya milima.

Hadithi yangu imeishia hapo, majanini, imelala kimya. Mkiondoka, pitieni kwenye mawe.