Kitabu Pacha cha Karani Matimbwa

Kalamu ikitembea, nakala hupotea. Mmeisikia leo, na tangu hapo mmenikalia kooni mjue ilikotoka. Haya, methali hii ilianza hivi, mwaka ule mto ulipofura ukakimeza kijiji cha Ndundunyi.

Watu walikimbilia kilimani, kwenye maghala manane ya pamba. Mwanamke mmoja, Sikudhani, alipandishwa mtumbwi wa akina mama. Mumewe, Ngwele, akabaki nyuma kungoja mwingine. Siku nne zikapita bila habari. Sikudhani alimtamani mumewe mpaka kifua kikauma. Alitamani hata kikohozi chake cha alfajiri, kile alichokilalamikia miaka kumi na moja.

Kwenye lango la maghala aliketi Karani Matimbwa na daftari lake. Kila ghala lilikuwa na ukurasa wake. Mtu akihama, jina lilifutwa huku likaandikwa kule, kwa kalamu ya risasi. Pembeni mkewe, Bi Tatu, aliandika yale yale katika kitabu pacha, maana mafuriko yaliyotangulia yaliwahi kulowesha daftari likawa uji. Daftari la Karani halikuguswa na mtu, foleni isije ikasimama. Waliotafuta ndugu walisomewa kile pacha, huku Bi Tatu akiendelea kuandika humo humo.

Mara tatu Sikudhani alisomewa kurasa zote nane. Mara tatu Bi Tatu alitikisa kichwa. "Hayumo, mwenzangu. Pole."

Asubuhi ya siku ya tano akaja kaka yake, Mkumba. "Dada, lori linaondoka adhuhuri. Twende nyumbani ukakae eda. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Eda ya nani?" alisema Sikudhani. "Nisomewe mara moja tu, kisha nitakufuata."

Bi Tatu akasoma. Alipofika ukurasa wa tano Karani akamtajia mtu anayehama; akasita, akafuta jina, akarudi kuandika kwenye wa pili, kisha akaendelea mpaka wa nane. Sikudhani akageuka. Mzee Lwambo wa kijijini kwao alikuwa akipita na kigoda chake kichwani, anahamia ghala la pili.

"Bi Tatu, Mzee Lwambo yule pale. Mbona hukumtaja?"

"Nimemwandika sasa hivi."

"Umemwandika, lakini hukumsoma. Ukurasa wa pili ulikuwa umekwisha kuupita, na wa tano umemfuta kabla hujalisoma jina lake."

Karani akainua miwani. "Mama, unataka kusema kitabu changu ni cha uongo?"

"La, Karani. Kitabu ni cha kweli, ila kinasomwa kikiwa njiani. Bi Tatu akishaandika jina la mwisho, vitabu vyenu vikawa sawa, aweke kalamu chini, akifunge, akakisomee kule kwenye mizani ya pamba. Wewe endelea na watu wako. Majina ya watakaohama sasa utampa baadaye, aandike."

Karani akaguna. Alikuwa mtu wa kujua kila kitu, na kuambiwa na mwanamke mwenye kanga mbichi ya matope kulimchoma. Lakini alikitazama kigoda cha Mzee Lwambo kikiingia ghala la pili. "Haya, funga," akamwambia mkewe.

Kwenye mizani Bi Tatu alisoma bila haraka, wala hakuna aliyemkatiza. Ukurasa wa sita, mstari wa tisa: Ngwele.

Sikudhani alikimbia akilia kwa sauti. Msimamizi wa ghala la sita akampokea mlangoni. "Ngwele? Ametoka kitambo kidogo, mkeka wake ule. Kila siku huzunguka maghala, na kila siku hulala jingine. Anamtafuta mkewe. Makaratasi hayaamini, anaamini miguu yake."

Sikudhani akaketi juu ya mkeka ule, akaushika kingo. Lori lilipiga honi, Mkumba akaita, asiinuke. Kwa mara ya kwanza tangu gharika alijua mahali pa kungojea.

Jua lilikuwa la utosi Ngwele alipoingia, miguu imevimba. Alianza kumwambia msimamizi, "Hata ghala la tatu hayu..." Akamwona Sikudhani juu ya mkeka wake.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Bi Tatu alikifunga kitabu pacha, akaenda kukisoma mbali na lango. Wengi walipata watu wao. Na kila aliyekuja na papara, akitaka asomewe huku mkono unaandika, Karani Matimbwa mwenyewe alimwambia: "Subiri, ndugu yangu. Kalamu ikitembea, nakala hupotea."