Bakuli la Waliotangulia

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakifunga kanga na kuombana chumvi, palikuwa na kijiji chini ya kilima cha mawe. Sogeeni karibu. Na wewe unayechokonoa pua, acha! Hadithi hii ina wafu ndani yake, uwe na adabu.

Kijiji hicho kilikuwa na sikukuu moja iliyozipita zote: Siku ya Waliotangulia. Mavuno yakishaingia ghalani, kila nyumba ilipika, ikaleta kijiko chake cha kwanza kwenye bakuli moja kubwa. Majina ya waliokufa yakaitwa, moja baada ya jingine. Kisha mtoto mmoja akalibeba bakuli, akaingia nalo pangoni, akaliweka juu ya jiwe ili marehemu wale.

Nje, wote waliketi kimya wamefumba macho. Aliye hai hamtazami mfu akila! Atakayechungulia, walisema, atapofuka papo hapo. Hakuna aliyefumbua mpaka mlinzi wa pango aseme, "Fumbueni."

Na mlinzi wa pango alikuwa nani? Chui.

Zamani bakuli lilirudi limejaa. Wafu hula mvuke tu, shibe yao ni kukumbukwa. Lakini Mzee Chui alipofariki, na mwanawe akashika ulinzi, mambo yakageuka. Mwaka wa kwanza, samli ya juu ilirambwa. Mwaka wa pili, bakuli zima lilitoka jeupe. Mwaka wa tatu bakuli lilitoka mikononi mwa Chui, lakini mtoto aliyelibeba hakutoka. Alikuwa Masika, mwana wa Mama Digidigi.

"Wazee wamempenda," alisema Chui huku akijifuta machozi. "Wamembakisha huko. Shukuru, Mama Digidigi. Si kila mzazi hupewa heshima hii."

Maskini Mama Digidigi! Akashukuru. Angefanya nini?

Sasa palikuwa na Bi Pimbi, mjane aliyeishi kwenye nyufa za kilima. Ukimwona ungesema, "Ka nini haka?" Mwili wake haukujaza kikapu, ila akili zake zilijaza. Yeye alirudi nyumbani siku ile na swali moja likimkereketa kooni: wafu wameanza kuona njaa lini? Tena alikuwa amemwona Chui kwenye karamu ya sikukuu hiyo. Chui, yule mlafi wa kulamba mpaka mwiko, hakugusa hata mfupa!

"Siwezi kula," alisema. "Huzuni imenijaa."

Bi Pimbi alimtazama tumbo, likiwa mviringo kama mtungi. Akanyamaza. Neno kama hilo, ukilisema huna ushahidi, linakuzika wewe.

Mwaka ukazunguka. Mavuno yakaingia. Asubuhi moja Bi Pimbi akasikia nje: "Hodi! Hodi mtani!"

Ukoo wa Pimbi na ukoo wa Chui walikuwa watani tangu enzi za mababu, waliogombea kilima kile wakachoka, wakaamua kutaniana badala ya kuuana. Na mtani, wanangu, ana ruhusa asiyokuwa nayo ndugu. Anaweza kukutukana msibani, akavaa kofia ya marehemu wako na kutembea kama yeye, akakudai kuku, na huna haki ya kununa. Mzee Chui alipozikwa, Bi Pimbi ndiye aliyejifunga mkeka wake mgongoni, akakohoa kama yeye, "Kho! Kho! Kho!", akamkaripia kila mtu kwa sauti ile nene, mpaka mjane wa Mzee akacheka huku machozi yakimtoka.

"Karibu, mtani," Bi Pimbi aliitikia. Nyuma ya Chui walisimama Nyati na majirani wengine.

"Sikai," alisema Chui. "Wazee wamenijia ndotoni. Mwaka huu wamemtaja mbeba bakuli. Ni Tunu wako."

Moyo wa Bi Pimbi ukafanya paa! Tunu alikuwa mwanawe wa pekee, aliyempata baada ya kuzika wawili. Alikuwa hapo hapo mlangoni, akichezea gunzi la mahindi.

"Tunu bado mdogo," alisema. "Bakuli litamwelemea."

"Unakataa?" Chui aliuliza, taratibu kabisa.

Nyati akajikuna shingo, akaangalia chini. "Bi Pimbi, tusikilize na sisi. Ukiwakatalia wazee, mvua nayo itatukatalia. Utataka watoto wa kijiji kizima wafe kwa ajili ya wako mmoja?"

Bi Pimbi akawatazama majirani zake mmoja mmoja. Wote walikuwa wakiangalia miguu yao. Hasira ilimpanda, lakini akaimeza, akacheka kicheko cha kitani.

"Nani kakataa? Atabeba! Ila na mimi mtani nina kazi yangu siku hiyo. Nitacheza utani kama nilivyocheza kwenye mazishi ya baba yako. Mtani wangu, hutakasirika?"

"Ha! Mtani hakasirikiwi!" Chui alicheka, meno yote nje.

"Mmesikia, jamani?"

"Tumesikia," wakasema majirani.

Siku ikafika. Bi Pimbi alimpigisha Tunu magoti mbele yake, akamfunga kitambaa cheupe kiunoni. Fundo likamkatalia mara mbili.

"Sikiliza, mwanangu. Ukifika kwenye jiwe, weka bakuli, usigeuke. Nyuma ya jiwe kuna ufa. Ingia kinyumenyume, mpaka mgongo uguse mwisho. Usitoke mpaka usikie sauti yangu mimi, sauti ya mama."

"Na wewe utakuwa wapi, mama?"

"Karibu kuliko unavyodhani."

"Na nikiogopa?"

"Ogopa tu. Lakini miguu iendelee kutembea."

Alasiri, kijiji kizima kiliketi mbele ya pango. Bakuli likajazwa kande, samli ikiteleza juu. Majina yakaitwa. Lilipoitwa la Masika, Mama Digidigi alitoa sauti ndogo, kisha akajiziba mdomo kwa kanga yake.

"Fumbeni macho!" Chui aliamuru.

Kope zote zikashuka.

Bi Pimbi alikuwa ameketi nyuma kabisa, makusudi, karibu na kinu alichobeba tangu nyumbani. Alifumba macho kama wenzake. Halafu akafumbua moja.

Akangoja kupofuka. Akahesabu pumzi. Jua lilikuwa palepale, na Nyati palepale amefumba macho kama mtoto anayeogopa sindano. Akafumbua la pili.

Upesi akavua kanga yake, akakifunika kinu, akakiinamisha kidogo kama mtu anayeomba. Akachukua kibuyu alichokikata kitako, akapanda kilima, chakacha, chakacha, na juu ya jiwe moja akajilaza kutazama.

Tunu alikuwa akiingia pangoni, bakuli likiyumba kichwani. Chui alipita katikati ya walioketi, akiinama kuangalia kope za kila mmoja. Akafika kwenye kinu. Akasimama. Bi Pimbi akabana pumzi.

"Pole, mtani," Chui alikinong'oneza kinu. Akatabasamu, akageuka, akanyata kuelekea pangoni.

Bi Pimbi akajitupa ndani ya ufa.

Ufa ule ulishuka kutoka kileleni mpaka juu ya jiwe la chakula, mwembamba, wa kupita pimbi tu. Yeye alipita. Kibuyu hakikupita! Kwaruu! Kikakwama katikati. Akavuta. Kimegoma. Chini yake akasikia vijihatua, ti, ti, ti, kisha bakuli likiwekwa: duk. Baada ya hapo hakusikia chochote, maana Chui hutembea kama pamba. Lakini alinusa. Harufu yake ilipanda ufani, nzito.

"Umefanya vizuri, mwanangu," sauti ya Chui ilisema kule chini, tamu kama asali. "Mbona unarudi nyuma? Njoo nikuoneshe wazee."

Tunu akazama ufani kinyumenyume. Bi Pimbi alisikia kucha zikikwaruza mwamba, krr, krr. Chui alikuwa akiingiza mkono mle alimojificha Tunu.

"Njoo basi! Mwenzio mwaka jana hakunisumbua hivi."

Bi Pimbi alikizungusha kibuyu kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Ngozi ya mkono ikachubuka. Kibuyu kikaachia, pwa! Akakiweka mdomoni kama baragumu.

"Kho! Kho! Kho!"

Kucha zikanyamaza.

"Kitumbo!" ilinguruma sauti nene kutoka gizani. "Wewe Kitumbo! Nani anakwaruza kwenye nyumba yangu?"

Chui alihisi manyoya yakimsimama mpaka mkiani. Hakuna aliye hai aliyemwita Kitumbo, ila mama yake. Lakini mama, msibani, humsimulia mtani mengi!

"Ba... baba?"

"Unauliza baba? Mimi ninayelala njaa kila mwaka? Samli yangu imekwenda wapi?"

"Baba, nisamehe. Nililamba kidogo tu."

"Ongea kwa nguvu! Masikio yangu yamejaa udongo!"

"Baba, nje kuna watu," Chui alinong'ona.

"Si wamefumba macho? Au mwanangu hatiiwi siku hizi?"

"Wananitii, baba!" Chui alijibu haraka, kifua kikamtoka hata hapo kwenye hofu. "Nikisema fumba, wanafumba wote."

"Basi unamwogopa nani? Sema!"

Na Chui, aliyezoea kuona macho yamefumbwa akadhani amekifumba kijiji kizima, akapaza sauti. Pango likaichukua, likaitupa nje kwa kila sikio.

"Nililamba samli, baba! Mwaka uliofuata nikala bakuli lote!"

"Na mwaka jana?"

Chui akajikunyata.

"Kitumbo! Nije huko?"

"Usije, baba! Usije! Mwaka jana nilimla mtoto wa Digidigi! Nikasema nyie ndio mliomchukua!"

Bi Pimbi alikuwa akilijua jibu. Hata hivyo lilimpiga kifuani, kibuyu kikakaribia kumponyoka.

"Hakulia?" aliuliza, na sauti nene ikataka kumvunjikia.

"Alimwita mama yake," alisema Chui. "Nikamziba mdomo."

Pango likarudia: mdomo, mdomo, mdomo.

"Toka nyumbani mwangu," ilisema sauti. "Usimguse aliyemo. Toka!"

Chui akatoka mbio. Karibu na mlango akasimama, akapangusa vumbi la jiwe kwenye sharubu, akavuta pumzi, akavaa uso wake wa mlinzi. Nje kulikuwa shwari. Wote wameketi, macho yamefumbwa vilevile. Moyo wake ukatulia.

"Fumbueni macho," alisema. "Wazee wameshiba."

Hakuna aliyefumbua.

"Sikusema fumbueni?"

Hata mkia haukutikisika.

Ndipo Mama Digidigi akasimama, macho bado kayafumba, machozi yakipenya kope.

"Rudia, Chui," alisema polepole. "Mwanangu aliita nani?"

Chui akarudi nyuma hatua moja.

Nyati akafumbua macho. Kisha Ngiri. Kisha wengine, mmoja mmoja, na kila jicho lililofunguka lilikuwa juu ya Chui. Nyati alikuwa akilia, hakujificha. Aliinamisha pembe zake.

"Kho! Kho! Kho!"

Chui akaruka juu. Kileleni alisimama Bi Pimbi, kibuyu mkono mmoja, na kwenye mkono wa pili Tunu, aliyeitikia sauti ya mama na kupandishwa kwa ufa uleule, amemng'ang'ania shingoni kama kupe.

"Wewe!" Chui alinguruma. "Kapimbi wewe! Nitakutafuna na mifupa!"

"Aa, mtani!" alijibu Bi Pimbi. "Mbona unanuna? Mtani hakasirikiwi. Si ulisema mwenyewe, watu wote wakisikia?"

Kwato za Nyati zilikwisha kuanza, gudu! gudu! gudu! Chui alikimbia mpaka ng'ambo ya mto, akapanda mti, na mpaka leo hutembea peke yake, na akisikia kikohozi nyuma yake hugeuka.

Nyati alirudi akihema, akaenda kusimama mbele ya Bi Pimbi. Lile dume zima halikujua liweke wapi kichwa. "Nilikwambia umtoe mtoto wako," alisema. "Nilisema kwa kinywa changu."

"Ulisema," alijibu Bi Pimbi. Hakumwambia kuwa si kitu, maana kilikuwa kitu. Alimpa Tunu ambebe mpaka nyumbani, na Nyati akatembea kama anayebeba mayai.

Mwaka uliofuata, bakuli lilibebwa na Mama Digidigi mwenyewe, na kijiji kizima kilimtazama, macho wazi. Jina la Masika liliitwa kabla ya majina yote. Hakuna aliyepofuka. Na bakuli lilipotoka, lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, samli haijaguswa.

Hayo ndiyo yaliyotokea, wanangu, nami nimewapa yalivyo: ukiamriwa kufumba macho, masikio yaache wazi.