Chokaa ya Jumbe Mwinyikondo

Apakaye chokaa ukuta amempa mwandishi karatasi. Methali hiyo mmeisikia leo kwa muuza magazeti, alipowaambia kwamba gazeti lenu limefungiwa, na sasa mmenizunguka mnataka kujua ilikotoka. Naijua, maana bibi yangu mzaa mama alikuwepo. Kaeni basi, wala mtu asinikatize, maana mimi nikikatizwa sirudii.

Chanzo chake ni hiki.

Kulikuwa na mji mmoja wa bara. Jina silitaji, kwa kuwa wajukuu wa Jumbe wake bado wapo na wana hasira za bure. Mji huo haukuwa na gazeti wala redio. Ulikuwa na ukuta, mrefu, wa udongo, ubavuni mwa soko, na mwenye habari alichukua kipande cha mkaa akaiandika pale: fulani kafiwa, mbuzi wa fulani kapotea, daraja limechukuliwa na maji. Sharti lilikuwa moja tu. Ukiandika, weka jina lako chini. Asiyekubaliana nawe naye aliandika kando yako, akaweka lake. Hivyo ndivyo watu wale walivyobishana miaka na miaka, na hakuna aliyeng'olewa meno.

Mwaka mmoja watoto wakaanza kuharisha. Wakafa wawili. Wa tatu akawa hoi kitandani, naye alikuwa binti pekee wa Siwema, muuza vitumbua wa pale sokoni. Siwema hakukaa akilia. Alikwenda kisimani, akatazama maji yanatokea upande gani, akapanda kilima kilichokuwa juu ya kisima, akakuta choo ambacho Jumbe Mwinyikondo alikuwa amewachimbia wageni wake. Kutoka chooni hadi kisimani hazikufika hatua ishirini. Akarudi, akaokota mkaa kwenye jiko lake, akaandika: "Maji ya kisima yanaua watoto. Choo cha Jumbe kiko juu yake. Msinywe. Mimi Siwema."

Sasa, mkaa juu ya udongo hausomeki vizuri, mpaka usogeze pua. Waliosogea walisoma wakaenda kuteka mtoni, mbali. Wengi walipita na ndoo zao wakateka pale pale. Lakini Jumbe alipelekewa habari, umbeya haukosi miguu, naye akamwita Siwema barazani kwake.

"Kafute," alimwambia.

"Nifute lipi, Jumbe? Nionyeshe neno la uongo nililoandika, hilo nitalifuta kwa ulimi wangu."

"Unanivunjia heshima mbele ya watu."

"Heshima yako itapona," Siwema akasema. "Binti yangu sijui."

Jumbe akamfungia ndani ya ghala lake, mama mwenye mgonjwa nyumbani. Hebu fikirini roho ya mtu huyo! Bibi yangu, Mashavu, aliyekuwa jirani yake, ndiye aliyebaki na mtoto, akimnywesha uji wa maji ya mtoni kijiko baada ya kijiko. Kisha Jumbe akamwita fundi Ngwali, mpakaji chokaa wa msikiti na makaburi, akamwambia apake ukuta wote usionekane hata herufi moja. Ngwali alikuwa mwoga, lakini kazi mbovu hakuijua. Alipaka mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, kwa siku mbili, ukuta ukawa mweupe pe.

Siku ya gulio ikafika. Watu wa vijijini hawakuwahi kuuona ukuta ule umevaa nguo nyeupe, wakawa wanaulizana kulikoni. Bibi Mashavu alimwachia mama yake kazi ya kumwangalia mtoto, akaenda moja kwa moja kwenye jiko la vitumbua lililokuwa limepoa siku tatu, akachukua mkaa. Akaandika maneno yale yale ya Siwema, herufi kubwa kama mitungi, kisha akaongeza: "Mimi Mashavu nasema hivyo hivyo."

Yakasomeka. Yalisomeka kutoka kwa wauza samaki, yakasomeka kutoka barabarani. Mtu wa pili akaja akaweka jina lake, wa tatu, wa kumi. Wasiojua kuandika walipaka mkaa kiganjani wakaupiga mkono ukutani. Kufikia adhuhuri hakuna ndoo iliyoingia kisimani.

Jumbe akaja anahema, Ngwali na brashi yake nyuma. "Ngwali, paka tena!"

Ngwali akaiweka brashi chini. "Jumbe, kabla sijapaka walisoma waliokuwa karibu. Nimepaka, sasa wanasoma wa barabarani. Nikipaka tena watasoma wa mlimani. Apakaye chokaa ukuta amempa mwandishi karatasi." Halafu yule mwoga akaushika mkaa, akaupiga mkono wake pale mbele ya macho ya Jumbe.

Jumbe akatafuta mtu wa kumkamata. Ghala lake lilichukua watu kumi, na ukutani walikuwapo zaidi ya mia mbili. Watu hawakungoja amri yake. Walikwenda na majembe, wakakifukia choo, na wengine wakaufungua mlango wa ghala.

Siwema alipita kwanza nyumbani. Akamkuta binti yake ameketi, anaomba chakula, akalia hapo kwa mara ya kwanza. Kisha akaja sokoni, akaomba mkaa.

Jumbe akamwuliza, kwa sauti ndogo, "Unataka kuandika nini tena? Si yote yameshaandikwa?"

"Majina ya wale wawili waliokufa," Siwema akasema. "Hayo bado."

Akayaandika juu kabisa, akaweka jina lake chini. Jumbe alisimama akayasoma mpaka mwisho, mbele ya mama zao, na chokaa haikuagizwa tena katika mji ule.

Basi wacheni wafungie. Apakaye chokaa ukuta amempa mwandishi karatasi.